Kuvu wa ndani ya jani: mazingira huleta, mti huchagua

Jani zima la mti, lisilo na doa wala tundu, lina wakazi wengi ndani yake. Katikati ya seli zake, na mara nyingine ndani ya seli zenyewe, huishi kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hawaliozeshi jani wala hawalinyaushi. Wataalamu huwaita endofiti, neno alilolitumia Mjerumani Anton de Bary mwaka 1866 kwa viumbe wanaoota ndani ya mimea. Karibu kila aina ya mti iliyowahi kuchunguzwa, kuanzia miti mifupi ya kanda za baridi hadi majitu ya misitu ya mvua, imekutwa na kuvu hao.

Wingi wao unashangaza. Mwaka 2000, Elizabeth Arnold na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika msitu wa nyanda za chini, katikati ya Panama. Majani 83 yenye afya, yaliyochumwa kwenye miti ya aina mbili tu, Heisteria concinna na Ouratea lucens, yalitoa kuvu wa maumbo 418. Walipolinganishwa kwa vinasaba, makadirio yalikuwa aina 347. Wengi wao walionekana mara moja tu, ishara kwamba majani mengine yangechumwa, wageni wengine wangejitokeza.

Swali linalofuata ni la mpangilio. Miti miwili ikisimama jirani, kwa nini mmoja una kundi hili la kuvu na mwingine lile? Je, ni urithi wa mti wenyewe, yaani jeni ulizozaliwa nazo, au ni mahali ulipoota, pamoja na mvua, joto na majirani wa pale? Tafiti za miaka ishirini na ushee iliyopita zinaonyesha kwamba vyote viwili vina nguvu, ila haviamui jambo lilelile, wala havitawali katika eneo la ukubwa uleule.

Jinsi kuvu wanavyoingia

Baadhi ya nyasi hurithi kuvu wao. Kuvu wa jenasi ya Epichloë hupenya hadi kwenye mbegu, hivyo mmea unaochipua huzaliwa tayari umewabeba. Kwa majani ya miti mingi, njia hiyo haipo au ni finyu sana. Jani jipya hufunguka likiwa karibu tupu, na kila kuvu atakayeishi humo lazima atoke nje.

Wanaosafiri ni spora, chembe ndogo za uzazi zinazopeperushwa na upepo, kurushwa na matone ya mvua au kubebwa na wadudu. Spora ikitua kwenye jani kavu, haifanyi kitu. Ikipata maji, hata ya umande tu, huchipua uzi mwembamba ambao hutafuta stomata, yaani vitundu ambavyo jani hupitishia hewa, au hutoboa ngozi ya jani kwa msaada wa vimeng'enya. Unyevu huo una uzito kiasi kwamba watafiti waliokuwa wakishughulika na mikakao huko Panama waliweza kukuza majani yasiyo na kuvu kwa hila rahisi: walimwagilia udongo na kuhakikisha majani hayaloi. Jani lililoachwa wazi msituni, likanyeshewa na kupata umande wa usiku, hujaa wakazi katika muda wa wiki chache.

Kuingia si sawa na kuenea. Mfano ulioeleweka vizuri ni wa Pseudotsuga menziesii, mti mrefu wa jamii ya misonobari unaoota magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Majani yake ni kama sindano, na humo huishi kuvu Rhabdocline parkeri. Spora yake hutua juu ya sindano, hutoboa ukuta na kuingia katika seli moja ya ngozi ya nje. Hapo husimama. Sindano hukaa mtini kwa miaka, na miaka yote hiyo kuvu hubaki ndani ya seli ileile aliyoingilia, bila kuigusa seli ya jirani. Kadiri misimu ya mvua inavyopita, spora nyingine huingia katika seli nyingine, na sindano ya zamani huishia kuwa na vituo vingi vilivyotengana, kila kimoja na kuvu wake. Sindano inapozeeka na kukaribia kupukutika, nyuzi za kuvu huyo huanza kuenea, na baadaye hutoa spora mpya.

Namna ya kuwahesabu

Ili kuwatofautisha kuvu wa ndani na wale waliokaa juu ya jani, watafiti huanza kwa kuliosha jani kwa alkoholi na maji ya klorini, kwa dakika chache tu, ili kuua kilicho juu bila kugusa kilicho ndani. Kisha jani hukatwa vipande vya milimita chache na kuwekwa kwenye visahani vya agari yenye chakula. Siku kadhaa zikipita, nyuzi huchomoza kwenye kingo za vipande, nyeupe, kijivu au nyeusi, na kila kuvu aliyechomoza huhamishiwa kwenye kisahani chake.

Njia hiyo huwaacha nje kuvu wasiokubali kukua maabara. Kwa hiyo siku hizi vinasaba vyote vilivyomo ndani ya jani hutolewa kwa pamoja na kusomwa kipande kimoja kinachojulikana kama ITS, ambacho mwaka 2012 kilipendekezwa rasmi kuwa kitambulisho cha kuvu wote. Jani moja linaweza kufichua mamia ya kuvu ambao kisahani kisingewaonyesha. Kutokana na njia hii ndipo imewezekana kulinganisha mti na mti, mlima na mlima, na kupima ni kiasi gani cha tofauti kinatokana na jeni na kiasi gani kinatokana na mahali.

Nguvu ya mazingira

Ili kuona kazi ya mazingira peke yake, yafaa kuushika mti wa aina moja na kuufuata katika hali tofauti. Mlima wa volkano wa Mauna Loa, Hawaii, unatoa nafasi hiyo. Mti mmoja wa kienyeji, uitwao ōhia na wenyeji na Metrosideros polymorpha na wanabotania, huota kuanzia chini kwenye joto hadi juu kwenye baridi, na kuanzia upande usiopata mvua hadi upande unaolowa mwaka mzima. Ndani ya masafa mafupi, mvua hubadilika kutoka milimita 500 hadi 5,500 kwa mwaka, na wastani wa joto kutoka nyuzi 10 hadi 22 za Selsiasi.

Naupaka Zimmerman na Peter Vitousek walichuma majani katika vituo 13 vya mlima huo, miti 10 kila kituo na majani 10 kila mti, na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Kila kituo kilikuwa na wastani wa makundi 551 ya kuvu, lakini jumla ya vituo vyote ilizidi makundi 4,200. Maana yake ni kwamba utajiri mkubwa ulitokana zaidi na tofauti kati ya kituo na kituo kuliko na wingi ndani ya kituo kimoja, na tofauti hizo zilifuatana kwa karibu na joto na mvua. Mti ni uleule, lakini kuvu wa upande wa ukame hawafanani na wa upande wa mvua.

Sababu zinaeleweka. Kila kuvu ana kiwango cha joto ambacho spora zake huchipua vizuri na nyuzi zake hukua haraka. Mvua hurusha spora kutoka jani hadi jani na hulifanya jani libaki na maji muda wa kutosha kwa spora kupenya. Urefu wa maisha ya jani nao una sehemu: jani linalodumu mwaka mzima hupokea wageni wengi kuliko linalopukutika baada ya miezi mitano. Majirani pia huhesabika, kwani miti iliyo karibu na majani yaliyooza chini yake ndiyo ghala la spora. Mche wa mkakao uliowekwa chini ya kivuli cha msitu huingiwa na kuvu haraka kuliko uliowekwa kwenye uwanja ulio wazi. Hata mji una alama yake: mialoni ya Quercus macrocarpa iliyochunguzwa katika jimbo la Kansas, Marekani, ilikuwa na kundi moja la kuvu mitaani na jingine nje ya mji.

Kwa kiwango cha dunia, hali hiyohiyo hujitokeza. Majani yaliyochumwa kuanzia kaskazini mwa Kanada hadi Panama yanaonyesha kuvu wakiongezeka kwa wingi na kwa aina kadiri mtu anavyoikaribia ikweta.

Nguvu ya urithi

Upande wa urithi huchunguzwa kwa kufanya kinyume: mazingira hushikwa yakawa mamoja, na miti ndiyo inayotofautiana. Mipopla inafaa sana kwa kazi hii kwa kuwa huoteshwa kwa vipande vya tawi, kama mhogo unavyopandwa kwa pingili, hivyo mti mmoja unaweza kuzalishwa mara nyingi ukiwa na jeni zilezile. Tena mpopla wa Populus trichocarpa ndio mti wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake yote, kazi iliyochapishwa mwaka 2006.

Mwaka 2013 Miklós Bálint na wenzake walichapisha uchunguzi wa Populus balsamifera, mpopla wa kaskazini mwa Amerika. Walichukua miti iliyotokana na sehemu mbalimbali za eneo lake la asili, lakini iliyokuwa imekaa miaka miwili katika bustani moja, ikipata udongo, mvua na hewa ileile. Kama mahali pekee ndipo panapoamua, kuvu wa miti yote wangekuwa wa kundi moja. Haikuwa hivyo. Miti ya jeni tofauti ilikuwa na mikusanyiko tofauti ya kuvu. Watafiti walitoa maelezo mawili yanayowezekana: ama mti huchuja wageni wanaotua juu yake, ama baadhi ya kuvu walisafiri na kipande cha tawi kilichotumika kuuotesha.

Kuchuja huko hufanywa kwa njia kadhaa, na nyingi ni za kimaumbile kabisa. Unene wa nta juu ya jani huamua maji yatakaa muda gani. Ugumu wa ngozi huzuia nyuzi zisizo na vimeng'enya vya kutosha. Mfumo wa kinga wa mti hutambua kemikali za kuvu na kufunga milango. Wakati wa kuchipua una maana vilevile: mti unaofungua majani wiki mbili kabla ya mwenzake hukutana na spora za majira mengine.

Stomata zinaonyesha jinsi jeni zinavyoweza kuwa na bei. Majani mengi ya miti huwa na vitundu hivyo upande wa chini tu. Katika Populus trichocarpa, miti yenye asili ya kaskazini zaidi, ambako msimu wa kukua ni mfupi, ina stomata hata upande wa juu wa jani. Kwa kuwa hewa huingia pande zote mbili, mti hutengeneza chakula haraka. Lakini milango hiyo ya juu iko wazi kwa spora zinazotua, na miti hiyo hupata zaidi ugonjwa wa kutu unaoletwa na kuvu wa jenasi ya Melampsora.

Kemia nayo hurithiwa. Mahali ambapo Populus fremontii na Populus angustifolia huzaana na kuzaa machotara magharibi mwa Marekani, kiasi cha kemikali ziitwazo tanini hufuata jeni: kadiri mti unavyobeba jeni nyingi za Populus angustifolia, ndivyo tanini inavyozidi. Uchunguzi wa matawi ya miti hiyo, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kuvu wachache zaidi pale tanini ilipokuwa nyingi.

Jibu hubadilika na ukubwa wa eneo

Mlimani Hawaii mahali ndipo penye nguvu. Bustanini kwenye mipopla, jeni. Matokeo hayo hayapingani, na ushahidi mzuri unatoka Ufaransa, kwa mti mmoja, biichi ya Ulaya, Fagus sylvatica, na kwa kundi moja la watafiti lililoongozwa na Tristan Cordier. Mwaka 2012 walichapisha kazi mbili. Katika ya kwanza walipanda milima ya Pyrenees wakichuma majani kuanzia chini hadi juu, na wakakuta kuvu wakibadilika kwa kufuata kimo, joto likiwa kigezo kikuu. Katika ya pili walibaki ndani ya kipande kimoja cha msitu. Humo, umbali kati ya mti na mti haukueleza tofauti za kuvu. Kilichozieleza ni undugu. Miti iliyokaribiana kinasaba ilikuwa na kuvu waliokaribiana, hata kama haikusimama pamoja. Tofauti nyingine kubwa ilikuwa kati ya jani na jani la mti uleule.

Mazingira, basi, ndiyo yanayoamua ni spora zipi zinafika, na jeni ndizo zinazoamua ni zipi kati ya hizo zinapokelewa na kupewa nafasi. Palipo na tofauti kubwa za joto na mvua, orodha ya wanaofika hubadilika kiasi kwamba mchujo wa mti hauonekani. Hewa na mvua zikiwa sawa, mchujo huo hujitokeza.

Bado kuna jambo la tatu, nalo ni zamu ya kufika. Kuvu aliyetangulia hula sukari iliyopo, hushika nafasi, na mara nyingine huamsha kinga ya mti dhidi ya wanaofuata. Devin Leopold na Posy Busby wa Chuo Kikuu cha Oregon State walilijaribu hili kwa miche ya Populus trichocarpa iliyotokana na pande mbili za milima ya Cascade, magharibi kwenye mvua na mashariki kwenye ukame. Waliitia kuvu walewale, wakibadili nani atangulie. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba zamu ilibadilisha mkusanyiko uliopatikana mwishoni, na kwamba nguvu ya zamu hiyo haikuwa sawa kwa kila mche. Ilitegemea jeni zake. Ilibadilisha hata ukali wa ugonjwa wa kutu, hasa kwa miche isiyo na kinga kubwa ya kurithi. Ndiyo maana majani mawili ya tawi moja, yenye jeni zilezile na hewa ileile, yanaweza kuwa na kuvu tofauti.

Mkazi anayegeuka adui

Mipaka kati ya kuvu mpole na kuvu wa ugonjwa haijachorwa na kuvu peke yake. Hymenoscyphus fraxineus huishi katika majani ya Fraxinus mandshurica huko Asia Mashariki bila kuuletea mti madhara makubwa. Alipofika Ulaya alikutana na Fraxinus excelsior, mti wa jamii ileile usio na historia naye. Vifo viliripotiwa kwanza Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ugonjwa umeenea sehemu kubwa ya bara hilo. Miti michache huvumilia, na uvumilivu huo hurithiwa na watoto wake. Wataalamu wa mbegu wanaukusanya sasa.

Katika mfano huo jeni ndizo zilizogeuza mambo. Katika mwingine ni mazingira. Diplodia sapinea hukaa kimya ndani ya misonobari yenye afya, lakini mti ukipigwa na mvua ya mawe au kubanwa na ukame, kuvu huyo hushambulia na kukausha vilele. Mashamba ya Pinus radiata na Pinus patula nchini Afrika Kusini yamepata hasara hivyo. Pinus patula ndiyo misonobari iliyotapakaa katika shamba la Sao Hill, Mufindi, nchini Tanzania.

Afrika Mashariki ina somo lake la aina hiyo, ingawa kuvu aliyehusika ni wa ugonjwa tangu mwanzo. Pinus radiata ilipandwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika kwa matumaini makubwa, hadi Dothistroma, kuvu anayeunguza sindano, alipoonekana mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukungu na mvua za milimani zilimfaa, na jeni za mti huo hazikuwa na kinga, hasa ukiwa mchanga. Upandaji wake uliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na misonobari inayostahimili, ikiwamo Pinus patula. Milima na mvua zake havikubadilika. Kilichobadilishwa ni jeni za mti.

Kuvu wa ndani wanaweza pia kuwa walinzi. Mwaka 2003 Arnold na wenzake walionyesha kwamba majani ya mkakao yaliyotiwa endofiti yalipata vidonda vichache na kufa kidogo yaliposhambuliwa na kimelea Phytophthora, kuliko majani yasiyo na kuvu. Ulinzi uliishia pale kuvu walipokuwapo: jani lililotiwa lilinusurika, lile ambalo halikutiwa kwenye mche huohuo halikunufaika. Mipopla nayo ina kuvu wanaopunguza kutu na wengine wanaoizidisha, hivyo kujua idadi yao hakutoshi bila kuwajua ni akina nani.

Kitaluni na msituni

Mashariki mwa Kanada maarifa hayo yamekwisha kuingia kazini. Katika sindano za Picea glauca huishi kuvu Phialocephala scopiformis, anayetengeneza sumu iitwayo rugulosini. Sumu hiyo hudumaza viwavi wa Choristoneura fumiferana, mdudu anayekula misitu ya nchi hiyo. Miche hutiwa kuvu huyo ingali kitaluni, kisha hupelekwa msituni ikiwa naye, na ameonekana kudumu katika miti hiyo kwa miaka.

Kazi kama hiyo inahitaji vipimo viwili kwa pamoja. Kuvu aliyefaulu katika ukoo mmoja wa miti huenda akakataliwa na ukoo mwingine wa aina ileile, na aliyeshika nafasi kitaluni atakutana msituni na spora za mahali pale. Hali ni hiyohiyo kwa wanaohamisha mbegu kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine ili kukwepa joto linaloongezeka: mti hufika na jeni zake, lakini kuvu wengi wa majani yake watatoka katika hewa ya makazi mapya. Kwa sababu hiyo, majaribio ya mbegu yanayopima urefu wa mti na unene wa shina peke yake huacha nje sehemu ya kinachouwezesha mti kukua au kuufanya ufe. Yakichunguza pia majani ya kila ukoo katika kila eneo, huonyesha ni mbegu ipi inayopatana na kuvu wa mahali itakapopandwa.